Jazi haitoki kwa kujaza, na Morogoro Jazz haikuwa ikipiga jazi

Jumapili jioni niko kwa kinyozi Kongowea, hapa Mombasa, kichwa nusu kimenyolewa, redio iko juu ya kabati, prezenta akasema sasa twaingia saa ya jazi. Akaweka Kenny G, yule Mmarekani wa saksafoni. Haya. Alipomaliza Kenny G akaweka Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, hapo mskizaji mmoja wa Likoni akapiga simu amepandwa na mori, asema wewe mbona watuchanganya, hiyo ya Mbaraka sio jazi, jazi ni ile ya kwanza, ya saksafoni ya polepole. Prezenta akacheka akasema yote ni jazi bwana, tena jazi ni neno letu, ni Kiswahili, latoka kwa kujaza, watumwa walilipeleka Marekani. Kinyozi akaitikia eeh, hiyo kweli, na mashine iko nyuma ya sikio langu. Nikanyamaza, mana mtu habishani na alomshika kichwa. Lakini hii ya kujaza nishaiskia barazani Mwembe Tayari, nishaiskia kwa matatu, sasa imefika redioni, bas nikaona niandike.

Kwanza jazi yenyewe, haraka haraka. Ni muziki wa Wamarekani weusi uliokulia New Orleans mwanzo wa karne ya 20, ndani yake muna bluzi, ragtime (piano ya mdundo wa kurukaruka), bendi za matarumbeta na nyimbo za kanisani. Wimbo wapigwa kwanza vile ulivyo, halafu kila mpigaji achukua zamu yake atunga papo hapo juu ya msingi uleule, mwisho wote warudi kwa wimbo. Wewe ukiwa wa Mombasa hili halikusumbui, ni kama malenga wakijibizana, bahari ya shairi, yaani mtindo wake, ni moja na vina ni vilevile lakini maneno kila mtu atoa yake, na ukikariri ya mwenzio waonekana. Ongeza ule mdundo wao wa kuyumba, ambao hata wakiuandika kwa karatasi hautoki sawa. Ni hivyo tu. Saksafoni sio sharti, Louis Armstrong alikuwa mtu wa tarumbeta.

Sasa hii kujaza.

Kujaza ni kitenzi chetu cha kawaida cha Kibantu, kitu kikijaa umekijaza. Na jazi pia tunayo tangu zamani, mzee akikwambia Mungu akujazi kheri hakuombei saksafoni, akuombea malipo mema, hiyo ni ya Kiarabu, ndugu yake jazaakallahu khayran. Kwa hivyo sauti zafanana, nakubali. Lakini kufanana sio kuzaliwa pamoja, la sivyo jezi ya mpira nayo tungesema imetoka kwa jazi kwa sababu wachezaji hulipwa.

Neno hili la Marekani lina njia yake na njia hiyo yaonekana kwenye magazeti. Mara ya kwanza kuchapishwa halikuwa New Orleans wala halikuwa kwa mambo ya muziki, lilikuwa California, mwaka 1912 na 1913, kwenye kurasa za michezo, waandishi wa besiboli wakisema mchezaji fulani ana jazz, yaani ana nguvu, ana ari, amechangamka. Wengi hulihusisha na neno la mtaani la zamani zaidi, jasm, lenye maana hiyohiyo ya nguvu. Kufikia 1915 liko Chicago na huko ndiko likashika muziki, na bado tahajia yake haikuwa imetulia, mana santuri ya kwanza ya jazi ilipotoka 1917 bendi yenyewe ilijiita Original Dixieland Jass Band, kwa s mbili, na walikuwa wazungu, watu weusi walioanzisha muziki wenyewe wakapitwa pale mlangoni. Wazee wa New Orleans wao walikuwa wakiuita ragtime tu. Sasa niambie, kama neno lilitoka kwa watumwa wa Kiswahili, lilipita wapi mpaka likaonekana kwanza kwa waandishi wazungu wa besiboli, upande wa pili wa nchi, na wapigaji wenyewe hawalitumii?

Tena kuna hesabu ya majahazi. Waliopelekwa Louisiana wengi walitoka Senegambia, pwani ya Benin na Kongo. Waliochukuliwa huku kwetu wengi walipelekwa Unguja na Pemba kwenye mashamba ya karafuu, Arabuni, na visiwa vya Bahari Hindi. Najua kwa nini watu wapenda hadithi hii, ni tamu, yatupa hisa. Lakini tuna hisa ya kweli na hakuna anayeitaja, na hili ndilo huniudhi kuliko hata kosa lenyewe.

Mwaka 1960 Randy Weston, mpiga piano wa Brooklyn, alirekodi albamu aliyoiita Uhuru Afrika, mashairi yaliandikwa na Langston Hughes, na mwanzo wake kuna Mtanganyika, Tuntemeke Sanga, azungumza Kiswahili. Kiswahili ndani ya jazi, mchana kweupe, kabla ya Kenya kupata uhuru. Makaburu wa Afrika Kusini wakaipiga marufuku. Mwaka 1964 Lee Morgan wa tarumbeta akarekodi wimbo unaoitwa Mr. Kenyatta. Halafu ikaja miaka ya 70, Herbie Hancock na wenzake wakajipa majina ya Kiswahili bendi nzima, yeye Mwandishi, Buster Williams wa besi akawa Mchezaji, Billy Hart wa ngoma Jabali, Eddie Henderson wa tarumbeta Mganga (na kweli alikuwa daktari, hapo sijui nicheke ama nisifu), na albamu ya 1971 yaitwa Mwandishi hivyohivyo. Yaani lugha yetu iliingia jazi kwa kualikwa, kwa heshima, na tarehe zipo. Kwa nini tung'ang'anie mlango ambao hatukupitia?

Turudi kwa mskizaji wa Likoni, mana yeye ana haki nusu. Ni kweli Morogoro Jazz haikuwa ikipiga jazi. Wala Dar es Salaam Jazz, iliyoanza 1932, wala Kilwa Jazz, wala Western Jazz, wala Atomic Jazz ya Tanga, wala OK Jazz ya Franco huko Leopoldville, Kinshasa ya leo, mwaka 1956. Huo ni muziki wa dansi, na mama yake ni Kuba zaidi ya New Orleans, ni zile santuri za GV, za muziki wa Kuba, zilizokuja miaka ya 30 na kuenea kote, watu wakashika rumba. Ukitaka jina la redioni sema zilizopendwa, kila mtu atakuelewa. Shirati Jazz na Victoria Jazz nazo ni benga kabisa, muziki wa magita wa Wajaluo. Lakini hao wazee hawakukosea kujiita Jazz, mana zama hizo jazz band ilikuwa yamaanisha bendi ya kisasa, ya ngoma za kusimamishwa na matarumbeta na suti, sio aina ya muziki. Hata Ufaransa kuna wakati waliita seti ya ngoma peke yake jazz. Mombasa hatuna haja ya kushangaa, sisi ndio wa beni, neno hilo ni la Kiingereza la bendi, tukalichukua na matarumbeta ya askari tukalifanya ngoma yetu yenye vikundi kina Kingi na Scotchi vikishindana mitaani. Hakuna aliyetarajia Scotchi wawe watu wa Scotland.

Kwa hivyo Jazz kwenye jina la bendi ya zamani isome kama usomavyo FC kwenye jina la timu, yakwambia ni kitu gani kimeundwa, haikwambii watacheza vipi.

Pale mskizaji alipoanguka ni kudhani ile ya polepole ndiyo yenyewe. Kenny G namskiza hata mimi, huwezi kuingia hoteli ya pwani usimskize, lakini alichokuwa akipigiwa mskizaji ni jazi laini, aina iliyolelewa na redio zenyewe huko Marekani mwisho wa miaka ya 80, stesheni kama KTWV ya Los Angeles iliyobadilika 1987 zikitafuta muziki wa mtu mzima aliyechoka, arudi nyumbani kwa gari na asitake kushtuliwa. Walichopunguza ni palepale penye jazi, ule ubishi, ile hatari ya mtu kutunga mbele yako na huenda akakosea. Wabaki na harufu ya biriani.

Na ndugu prezenta, kipindi chako nakipenda, usikifunge, na Mbaraka usimtoe, huyu mtu alifia hapahapa Mombasa kwa ajali ya gari mwaka 1979, ana haki ya kupigwa hapa kila Jumapili. Mwite tu dansi. Kenny G mwite laini. Na ile dakika uliyotumia kutueleza kujaza, Jumapili ijayo iweke Uhuru Afrika, mwanzo tu, pale Sanga azungumza, halafu mwambie yule mskizaji wa Likoni apige simu tena.