Je, wajua kwa nini pikapu ya "kuvuta kilo 3,500" huelemewa na karavani ya kilo 3,500?

Kila mwaka, baridi inapoingia Melbourne na Adelaide, barabara za Australia ziendazo kaskazini, kwenye joto, hujaa karavani. Ni nyumba kamili juu ya magurudumu, zenye vitanda, jiko, friji na bafu, zikivutwa na pikapu au magari ya 4x4. Wengi wa wenye nazo ni wastaafu wanaokaa safarini miezi kadhaa. Na wengi wao, siku ya kununua gari, waliangalia namba moja tu: 3,500.

Namba hiyo imo kwenye matangazo ya karibu kila dabo kebini inayouzwa kule, iwe Ford Ranger, Isuzu D-Max au Toyota Hilux. Maana yake ni kwamba gari limeruhusiwa kuvuta tela lenye breki zake lenyewe, lisilozidi kilo 3,500. Tela lisilo na breki mwisho wake ni kilo 750. Muuzaji hajadanganya. Ila namba hiyo ni ya kweli pale tu gari lenyewe linapokuwa karibu tupu, na hakuna anayekwenda safari ya miezi mitatu na gari tupu.

Tufanye hesabu. Chukua pikapu ya mfano, yenye vipimo vinavyokaribiana na vya dabo kebini nyingi. Ikiwa tupu, tanki limejaa, ina kilo 2,200. Ikipakiwa haitakiwi kuzidi kilo 3,100. Halafu kuna kikomo cha tatu, ambacho matangazo hukiandika kwa herufi ndogo au hayakiandiki kabisa: uzito wa gari na tela kwa pamoja. Tuseme ni kilo 6,000. Ukifunga karavani ya kilo 3,500, gari limebakiziwa kilo 2,500. Lenyewe tupu ni 2,200. Kwa hiyo una kilo 300 za kila kitu kingine: dereva na mwenzake, ngao ya chuma ya mbele, boksi la nyuma, tairi la akiba la pili, jeki, maji, vifaa. Watu wazima wawili wamekwisha kula zaidi ya nusu. Fundi akishafunga ngao na boksi, umepita kikomo hata kabla hujapakia begi.

Ukiteremka kwenye karavani ya kilo 2,500, pikapu ileile inakuachia takriban kilo 650: sasa kinachobana ni kile kikomo cha gari lenyewe, kilo 3,100, ukitoa 2,200 za gari tupu na kama 250 ambazo pua ya karavani huliegemezea gari, jambo nitakaloeleza hapo chini. Hiyo ndiyo tofauti kati ya gari linalosafiri kwa raha na gari linaloteseka, na ndiyo sababu nasema karavani ichaguliwe kwanza, ipelekwe mizani ikiwa imepakiwa maji, gesi na nguo, kisha ndipo gari litafutwe. Wengi hufanya kinyume.

Usidhani gari kubwa la bei mbaya linakuokoa moja kwa moja. Land Cruiser 300 ina kikomo cha pamoja cha kilo 6,750, ambacho ni kikubwa kweli. Lakini matoleo yake ya kifahari huwa na takriban kilo 2,600 yakiwa matupu, na gari lililopakiwa halitakiwi kuzidi kilo 3,280. Toa kilo 350 ambazo karavani kubwa huliegemezea gari, unabaki na kama kilo 330. Kwa gari la familia ya watu watano, hizo ni abiria tu.

Hizo kilo 350 zinastahili kuelezwa vizuri, kwa kuwa ndipo mambo mengi yanapoharibikia. Karavani haifuati tu nyuma ya gari. Pua yake inakalia kile kipira cha chuma kilicho nyuma ya bampa. Kwa kawaida huegemeza hapo karibu asilimia 10 ya uzito wake. Kipira hicho kiko zaidi ya mita moja nyuma ya ekseli ya nyuma, kwa hiyo gari linakuwa kama pembea: ukikandamiza mkia, pua inainuka. Kama ekseli za gari zimeachana mita 3.2 na kipira kiko mita 1.2 nyuma ya ekseli, kilo 350 zinaibebesha ekseli ya nyuma takriban kilo 480, na ekseli ya mbele inapoteza kama kilo 130. Sasa matairi yanayoshika usukani, na breki zinazofanya kazi kubwa kuliko zote, yamepunguziwa mzigo wa kuyashikisha barabara. Dereva anahisi usukani umekuwa mwepesi, na usiku taa zinamulika matawi ya miti.

Njia rahisi ya kuona hili ni futi ya fundi. Pima kutoka ardhini hadi ukingo wa madigadi ya mbele kabla ya kufunga karavani, kisha pima tena baada ya kuifunga. Mbele ikiwa imepanda sana, kuna vyuma maalumu vya kusawazisha uzito vinavyofungwa kati ya gari na karavani, vinavyorudisha sehemu ya mzigo mbele. Visitumike kuficha uzito uliozidi. Kikomo kinabaki palepale.

Kwa nini basi usipunguze uzito wa pua kwa kupakia vitu nyuma ya karavani? Hapo ndipo hatari inapozidi. Karavani yenye pua nyepesi na mkia mzito huanza kuyumba. Lori refu linapita, upepo wake unaisukuma karavani, nayo inarudi, inapitiliza, inasukuma mkia wa gari upande wa pili. Kila mpigo unaweza kuwa mkubwa kuliko uliotangulia. Mwendo ukiwa mkubwa na gari likiwa jepesi kuliko karavani, dakika haiishi gari liko mtaroni. Usikanyage breki ya gari kwa nguvu. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani bila kupigana nao, na mkono mmoja ubonyeze kitufe cha breki za umeme za karavani ili ivutwe kutoka nyuma na kunyooka. Kitufe hicho hufungwa karibu na dereva, na kila atakayeendesha anapaswa kukipapasa na kukipata bila kutazama.

Ndiyo maana napenda gari zito kuliko karavani yake. Uingereza walimu wa kuvuta tela huwashauri wanaoanza kwamba karavani isizidi asilimia 85 ya uzito wa gari tupu. Ni ushauri, si sheria, na Australia wachache wanaufuata, ila fizikia ni ileile.

Kuhusu injini nitasema machache. Dizeli za kisasa zina nguvu ya kutosha. Kwa nguvu ya kuzungusha, ambayo hupimwa kwa Nm, D-Max ya lita 3.0 hutoa Nm 450 na Ranger ya V6, yaani ya silinda sita, hutoa Nm 600, na tofauti hiyo utaiona mlimani. 4x4 inafaa sana unapotoka kwenye nyasi zilizolowa au mchangani, lakini kwenye lami kavu pikapu nyingi lazima zirudi magurudumu mawili. Gia nzito, ile ya taratibu, ni hazina unaporudisha karavani nyuma kwenye mteremko.

D-Max huunganishwa Nairobi pia, na Hilux iko kila kona ya Afrika Mashariki, ikivuta boti, jenereta au tela la maji. Hesabu ni ileile hata kama mzigo si karavani.

Na ukinunua pikapu iliyowahi kuvuta, angalia kwanza kama springi za nyuma zimeongezewa mifuko ya hewa. Mifuko hiyo huinua mkia ukaonekana sawa, huku ikisukuma chesisi sehemu moja ambayo haikutengenezwa kubeba hivyo, na kwenye barabara mbovu chesisi huweza kupinda nyuma ya kebini. Simama pembeni ya gari, tazama mwanya kati ya kebini na bodi la nyuma. Ukiwa mpana juu kuliko chini, liache hilo gari.