Kabla Hujanunua Kichupa cha Probiotiki

Maduka mengi ya dawa katikati ya jiji la Nairobi siku hizi huuza probiotiki, na swali ninaloletewa kliniki ya lishe ni lile lile: "Daktari, hii inasafisha tumbo?" Haisafishi chochote. Ni vijidudu hai, aghalabu bakteria wa jamii ya Lactobacillus au Bifidobacterium, na wakati mwingine hamira iitwayo Saccharomyces boulardii, tunavyomeza kwa mabilioni tukitarajia vitufae.

Kila aina ina kazi yake. Ndiyo maana ushahidi wa aina moja hauwezi kubebeshwa nyingine, sawa na vile usivyomwita fundi bomba akushonee suti. Penye ushahidi wa kuridhisha ni kuhara kunakoletwa na antibiotiki. Dawa hizo huua kijidudu cha ugonjwa, tuseme cha kifuani, pamoja na wale wema wa utumboni, na baadhi ya aina za probiotiki hupunguza uwezekano wa kuharisha. Kama yako ni ya bakteria, iachanishe na antibiotiki kwa saa mbili hivi, la sivyo unameza na kuua papo hapo. Hamira haidhuriki na antibiotiki.

Nje ya hapo, punguza matumaini. Mwaka 2020 chama cha wataalamu wa tumbo cha Marekani kilipopitia tafiti, hakikuona msingi wa kutosha kupendekeza probiotiki kwa magonjwa mengi ya tumbo. Kupunguza uzito au kung'arisha ngozi ni maneno ya muuzaji.

Mtu mzima mwenye afya huenda akapata gesi na tumbo kujaa kwa siku chache, basi. Hofu yangu ni kwa wagonjwa mahututi. Nchini Uholanzi, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, wagonjwa wenye uvimbe mkali wa kongosho waligawanywa makundi mawili yaliyokaribiana kwa idadi. Waliopewa probiotiki walikufa 24, na waliopewa dawa bandia, yaani isiyo na kiambato cha kutibu, 9. Mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani nayo ilionya kuhusu kuwapa watoto njiti hospitalini, kwa kuwa vijidudu hivyo vinaweza kuingia kwenye damu. Anayetibiwa saratani, aliyepandikizwa kiungo, au mwenye mrija kwenye mshipa mkubwa wa damu asiguse kabla ya kumwuliza daktari wake.

Na maziwa ya kugandishwa je, kama mala au mursik ya nyumbani? Vina bakteria hai, na kwa mwenye afya ni chakula kizuri cha bei nafuu, ingawa si dawa yenye kipimo. Sharti maziwa yachemshwe kabla ya kugandishwa; mabichi huweza kuleta ugonjwa wa brusela. Ukiipika mala, bakteria hao hufa.

Mtoto akiharisha, mpe ORS (maji yenye chumvi na sukari maalumu) na zinki kwanza, na akizidiwa mpeleke kituo cha afya. Kichupa cha probiotiki kinaweza kungoja, na kikingoja kisiwe juu ya dashibodi ya gari linalochomwa na jua.