Lisbon mjini kati: kabla hujapiga selfi, jua kuna fremu ya mbao ndani ya hizo kuta

Kila kiangazi kikikaribia naanza kupata meseji za ndugu, marafiki na marafiki wa marafiki, "kaka tunapita Lisbon, tuna siku mbili, tuone nini pale mjini kati?" na kwa vile kazi yangu ni uinjinia wa majengo ya zamani, yaani kukagua na kukarabati nyumba za watu zilizojengwa kabla hata ya zege, jibu langu huwa refu kuliko walivyotaka. Nimeamua niliandike hapa, mtu akiuliza namrushia linki basi.

Kwanza mjue kwamba sehemu kubwa ya kile watalii wanachokiita mji wa kale wa Lisbon, hasa pale bondeni panapoitwa Baixa, sio ya kale kiivyo. Ni mtaa uliochorwa upya na mainjinia wa jeshi baada ya mwaka 1755, na kilichokuwa kinawasumbua kichwani ni kimoja tu, siku ardhi ikitikisika tena hawa watu watatokaje hai ndani ya nyumba. Ukipita pale ukiwa na hilo akilini utaona mambo mengi ambayo aliyekuja kupiga picha tu anayapita.

Ilikuwa tarehe 1 Novemba 1755, sikukuu ya Watakatifu Wote, saa tatu na kitu asubuhi, makanisa yamejaa na mishumaa inawaka kila kona. Likaja tetemeko ambalo wataalamu leo wanalikadiria ukubwa wa kama 8.5 hadi 9. Watu wakakimbilia uwazi wa kando ya mto Tagus wakidhani huko ndio salama, tsunami ikawakuta hukohuko, halafu mishumaa na majiko yaliyopinduka yakawasha moto uliokula mji siku tano sita mfululizo. Jumba la mfalme lililokuwa palepale ufukweni, Paço da Ribeira, likaisha, na maktaba yake inayosemekana ilikuwa na vitabu kama 70,000 ikaenda nalo. Mfalme José I mwenyewe alipona kwa sababu familia yake ilikuwa upande wa Belém, kitongoji cha magharibi mwa mji, ila alishikwa na woga wa kulala chini ya jengo la mawe, akahamia kwenye mahema na baadae kwenye jumba la mbao kule Ajuda, akaishi hivyo mpaka anafariki 1777. Mimi simcheki hata kidogo.

Aliyeshika usukani ni waziri wake, Sebastião José de Carvalho e Melo, ambaye baadae alipewa cheo cha Marquês de Pombal, na ndio maana nyumba za pale hadi leo wanaziita za Kipombal. Ila kwangu mimi shujaa ni mzee mmoja anaitwa Manuel da Maia, injinia mkuu wa ufalme, ambaye wakati huo anakaribia miaka 80. Huyu mzee hakukurupuka. Aliandika ripoti akaweka machaguo mezani: tujenge kama ilivyokuwa, au tupanue barabara, au tubomoe bonde lote tuanze upya, au tuhamishe mji kabisa tuupeleke Belém, na kila chaguo akalieleza faida na taabu zake. Wakati huohuo serikali ikapiga marufuku mtu kujijengea ovyo mpaka viwanja vipimwe. Likachaguliwa la kubomoa na kuanza upya, na mchoro uliopita, mwaka 1758, ni wa Eugénio dos Santos, kisha Carlos Mardel, mtu mwenye asili ya Hungaria, akaendeleza kazi.

Sasa simama katikati ya Rua Augusta, geuka taratibu. Barabara zimenyooka kama zimepigwa kamba, kila nyumba inafanana na jirani yake, ghorofa ya kwanza ina madirisha marefu yenye vibaraza vya chuma, juu yake madirisha ya kawaida, halafu vyumba vya darini. Wengine wanasema inachosha macho. Mimi naona akili: vipimo vya madirisha, milango na mawe ya kuzungushia viliwekwa sawa, ili mafundi wachonge kwa wingi pembeni kisha walete kufunga, maana mji mzima unasubiri kwa pamoja. Hata makanisa yalibanwa kwenye mstari wa nyumba, hakuna kujitokeza mbele. Na majina ya mitaa ni ya kazi zilizopangiwa pale, Rua Áurea ya wafua dhahabu, Rua da Prata ya wafua fedha, Rua dos Sapateiros ya washona viatu, Rua dos Fanqueiros ya wauza vitambaa.

Uhondo wenyewe uko ndani ya kuta. Ghorofa ya chini imejengwa kwa mawe na matao mazito, kuanzia hapo kwenda juu kuna fremu ya mbao ambayo Wareno wanaiita gaiola, tundu la ndege. Fikiria nguzo za mbao zilizosimama, boriti zimelala, na katikati ya kila mraba kuna mbao mbili zimepishana kama herufi X, hizo nafasi zinazobaki zinajazwa mawe madogo, vipande vya matofali na chokaa, kisha inapigwa lipu juu, ukiangalia unaona ukuta wa kawaida tu. Unene wake hauzidi sana sentimeta 20. Ukuta wa nje wa mawe unafungwa kwenye hiyo fremu. Ardhi ikitikisika mbao zinajipinda kidogo, maungio yanasagana na kumeza nguvu ya mtikisiko, na hata ukuta wa nje ukidondokea barabarani, sakafu na ngazi zinabaki zimening'inia kwenye fremu na wewe unapata muda wa kutoka. Hadithi inayosimuliwa na kila mtu hapa ni kwamba walijenga mfano wake uwanjani wakaamuru askari waandamane kwa vishindo kuuzunguka waone kama utasimama. Hadithi au sio hadithi, maabara ya taifa ya uhandisi ya Ureno, LNEC, imeshachukua vipande vya kuta hizi ikavisukuma na kuvivuta kwenye mashine, na zinavumilia vizuri sana kwa ukuta wa umri ule.

Utaionaje wakati imefichwa? Baadhi ya hoteli na migahawa ya Baixa wakikarabati huwa wanaacha kipande bila lipu kama pambo, ukiona zile X za mbao nyuma ya kaunta usipite tu, sogea uangalie maungio. Nyingine ni kugonga. Ukiwa ndani ya nyumba ya Kipombal gonga ukuta wa katikati kwa kifundo cha kidole ukisogea pembeni taratibu, sauti inabadilika, hapa ngumu kavu, hapa nzito inayojibu kwa ndani, hapo pa pili mara nyingi ni mbao. Wenye hoteli watakuangalia vibaya lakini haina shida.

Chini ya ardhi nako kuna mambo. Bonde lile ni tope la kijito cha zamani na kifusi cha tetemeko, kwa hiyo walipigilia magogo ya msonobari mengi sana, msingi ukakaa juu yake. Mti ukizama majini muda wote hauozi, matatizo yanaanza maji yakishuka ukapata hewa, na ndio maana mtu akiniambia anataka kuchimba parking chini ya jengo la pale mimi moyo unaenda mbio. Magogo hayo unaweza kuyaona kwa macho Rua dos Correeiros, chini ya jengo la benki, kuna sehemu ya akiolojia wanaingiza watu na mwongozaji, na pamoja na magogo utaona mabirika ya Warumi ya kuchachulia samaki kwa chumvi, ya karne za mwanzo kabisa. Kuna na mahandaki mengine ya Kirumi Rua da Prata, hayo yanafunguliwa siku chache sana kwa mwaka maana yamejaa maji, inabidi kwanza wayavute kwa pampu, na mlango wake ni kifuniko katikati ya barabara trami zinapopita. Tiketi zake zinaisha haraka balaa.

Kitu kingine, angalia juu kwenye mapaa. Utaona kuta zinapita paa kati ya nyumba na nyumba. Hizo ni za kuzuia moto usiruke, walijifunza kwa uchungu. Panda kwa miguu mpaka Chiado, mtaa wa jirani, tarehe 25 Agosti 1988 uliungua vibaya, na aliyepewa kazi ya kuurudisha ni msanifu Álvaro Siza, akabakiza sura za nje za zamani akajenga upya ndani, kiasi kwamba mtu asiyejua hagundui kitu.

Nikiwa hapo niseme linaloniuma. Mwenye duka anataka nafasi kubwa, anaita fundi, fundi anakata ukuta wa katikati na zile X zake kama anakata kabati bovu, anaweka boriti ya chuma, lipu, rangi, duka linapendeza. Mimi nimeingia jengo moja, mtaa siutaji, chini kote kuta zimeondolewa, ghorofa ya pili jirani katoboa bafu jipya katikati ya fremu, na juu kabisa kuna ghorofa iliyoongezwa ambayo haikuwepo kwenye mchoro. Fremu ile inafanya kazi ikiwa imeshikamana kutoka chini hadi juu na pande zote, ukitoa vipande vitatu vinne unabaki na mbao tu. Nikaandika ripoti, mwenye nyumba akaniuliza kama ni lazima.

Haya, Alfama. Huo ndio mtaa wa zamani kweli, vichochoro vinajikunja, ngazi, nguo zimeanikwa juu ya kichwa chako. Tetemeko liliugusa ila haukufutika kama Baixa, kwa kiasi kikubwa kwa sababu umekaa kilimani kwenye ardhi ngumu, wakati tope la bondeni lilizidisha mtikisiko. Hapo sina mwongozo, potea tu. Ngome ya São Jorge juu yake mandhari ni safi, lakini sehemu kubwa ya hizo kuta na minara ni ukarabati wa miaka ya 1930 mwishoni, enzi za Salazar, dikteta wa Ureno, kwa hiyo kama hela ni ya mawazo simama Portas do Sol uangalie mto bure. Trami namba 28 panda asubuhi mapema sana au uache, mchana ni msongamano na wezi wa mifukoni. Lifti ya Santa Justa ya 1902 ni nzuri kuitazama kutoka chini, foleni sio ya kupanga. Na viatu jamani! Yale mawe madogo meupe na meusi ya chini yakilowa ni sabuni, vaa soli ya mpira.

Ukitaka kuona jeraha lenyewe nenda Carmo, kanisa la karne ya 14 ambalo paa liliporomoka siku ile na halijarudishwa hadi leo, matao yanaelea wazi. Halafu shuka São Domingos karibu na uwanja wa Rossio, hili liliungua 1959 na nguzo zimeachwa zimebanduka na kupasuka vilevile, nje yake ndio kijiwe cha Waafrika, hasa wa Guinea-Bissau, wamekaa wanapiga stori.

La mwisho ni la sisi wa pwani, liko nje kidogo ya kati, panda basi mpaka Museu Nacional de Arte Antiga mtaa wa Janelas Verdes. Ulizia Custódia de Belém. Ni chombo cha kanisani cha dhahabu, kirefu kama sentimeta 70, mitume kumi na wawili wadogo wamepiga magoti, rangi zimeyeyushiwa juu ya dhahabu, kazi inayohesabiwa kuwa ya mfua dhahabu Gil Vicente. Inama usome maandishi yaliyozunguka kitako chake: mfalme Manuel I aliamuru kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, kikamalizika 1506. Ni ile dhahabu Vasco da Gama aliyomlazimisha sultani Ibrahim kuitoa mwaka 1502 meli zikiwa zimeelekeza mizinga mjini. Bamba la maelezo ukutani ni fupi mno kwa jambo kubwa hivyo, kwa hiyo kama uko na watoto waeleze mwenyewe. Jumatatu wamefunga.