Picha ya mzee imepotea: tuanzie wapi kuitafuta?

Katika Mji wa Kale wa Mombasa zipo familia zinazokumbuka picha ya mzee wao wa karne ya 19 iliyokuwa ikining'inia sebuleni, kisha ikawa haionekani tena. Wanaokuja kutuuliza huanza na jina la mzee. Sisi wahifadhi huanza kwa kuuliza kama picha ilikuwa ya karatasi au ya bamba linalong'aa.

Dagerotipu, iliyotangazwa Ufaransa mwaka 1839, ni bamba la shaba lililopakwa fedha, na kila moja ni ya pekee. Ikipotea, tumaini ni kwamba mtu aliwahi kuinakili kwa mkono, kama zilivyochorwa upya na kuchapwa kwa litografia (uchapaji wa kutumia jiwe) dagerotipu za msafara wa nahodha Mfaransa Charles Guillain, aliyezuru pwani hii kati ya 1846 na 1848. Hapo pana mtego: bamba hilo kwa kawaida humwonyesha mtu kama anavyojiona kwenye kioo, hivyo upanga aliouvaa ubavu wa kushoto utaonekana kama ameuvaa ubavu wa kulia, na mchoraji asipougeuza, kosa hilo litahamia kwenye nakala.

Picha ya karatasi ina matumaini zaidi. Negativu za kioo, zilizoenea baada ya mwaka 1851, ziliweza kutoa nakala nyingi, na kadi ndogo aliyoisajili mpiga picha Disdéri mjini Paris mwaka 1854, yenye ukubwa wa takribani sentimita 6 kwa 10, watu walipeana kama zawadi. Kwa hiyo picha iliyopotea Mombasa huenda pacha wake yuko Unguja au Maskati.

Anayebahatika kuipata kadi aigeuze kabla ya kuitazama sura. Nyuma au pambizoni huenda pamechapwa jina la studio, kama vile ile ya A. C. Gomes ya Unguja, na studio ikishajulikana miaka yake, bibi aliyefariki kabla haijafunguliwa hawezi kuwa ndiye aliyepigwa. Mavazi nayo husaidia, ila kwa kiasi. Joho na jambia huazimwa. Kadi za posta ndizo zinazonikera zaidi, kwa kuwa huandikwa tu “mwanamke wa Kiswahili”, kana kwamba hakuwa na jina wala kwao.

Sura ikionyeshwa kwa wazee, kila mmoja aulizwe peke yake wala asitajiwe jina kwanza, maana likishatajwa barazani wote wataafikiana. Anachosema kiandikwe kwa penseli kwenye karatasi ya pembeni, pamoja na jina la msemaji na tarehe. Mimi naona heri kuandika “hajulikani” kuliko kumpa marehemu jina la mwingine.

Na kabla ya kuandikia makumbusho za ng'ambo, ulizeni mabinti wa ukoo waliolewa nyumba gani, kwani picha huenda ilihama na kasha la bibi harusi. Makasha ya kale huwa na vidroo vya siri, vivuteni taratibu.