Ushindani kati ya nani na nani?

Ushirikiano, katika elimu ya mageuko ya viumbe, ni tabia inayomnufaisha kiumbe mwingine na ambayo uchaguzi asilia, yaani kuenea kwa sifa zinazowasaidia viumbe kuishi na kuzaa zaidi, umeidumisha kwa sababu ya manufaa hayo. Fasili inaishia hapo. Linalochosha ni kusikia kila mara kwamba ushirikiano ni kinyume cha ushindani, kana kwamba mmoja hauanzi mpaka mwingine ukome.

Simba wa Serengeti wanatosha kulikanusha hilo. Majike wa kundi moja, ambao kwa kawaida ni ndugu wa damu, hulea na hata kunyonyesha watoto kwa pamoja, na hufanya hivyo wakiwa katikati ya ushindani mkali: madume wageni wakiliteka kundi huua watoto wachanga ili mama zao wapate kupandwa tena mapema, na kundi jirani lenye majike wengi huwanyang'anya eneo walio wachache. Tishio hilo la nje ndilo linaloupa ushirikiano wa ndani faida yake. Hata hivyo, ndani ya kundi mivutano haijaisha. Mwaka 1995 watafiti Robert Heinsohn na Craig Packer walichapisha matokeo ya majaribio ambamo walitumia vipaza sauti kusikilizisha simba ngurumo za majike wageni. Baadhi ya majike walitangulia kila mara kuiendea sauti, wengine walisuasua nyuma kila mara, na waliotangulia hawakuwaadhibu wategeaji.

Kwa hiyo cha kuuliza ni ushindani unafanyika katika upeo gani, kati ya makundi au kati ya walio pamoja, na hapa hujikwaa hata wanaoijua hoja ya undugu aliyoitoa mwanabiolojia William Hamilton mwaka 1964, kwamba kumsaidia ndugu hueneza jeni mnazochangia, kwa kudhani kwamba damu peke yake inatosha kuleta upole. Katika spishi kadhaa za nyigu wa matunda ya mikuyu na jamii yake, madume wasio na mabawa huzaliwa, hupanda majike na kufa ndani ya tunda moja, na humo hupigana hadi kuuana ingawa wengi wao ni ndugu. Undugu upo, lakini dume akimwachia ndugu yake jike, anayepunjwa huenda akawa ndugu mwingine, kwa kuwa wote wanagombea majike walewale.

Anayesema kwamba ushindani huua ushirikiano amewaeleza nyigu hao barabara. Aongeze tu kwamba anawazungumzia washindani waliofungiwa mahali pamoja, maana kwa majike wa Serengeti sentensi hiyohiyo si kweli.