Kigae chenye michoro sio ramani ya hela za Mjerumani

Mvua zikikatika huku Kondoa na Chemba simu zinakuwa nyingi, korongo limekula shamba, vigae vya vyungu vimetokeza, alafu sisi wa mambo ya kale tunatumiwa picha WhatsApp kigae kimeshaoshwa kimewekwa mezani. Nia ni njema, tunajua, ila jamani msikitoe.

Wengi wanauliza ile mistari kwenye kigae inaonyesha Mjerumani alifukia wapi dhahabu na hela zake. Haionyeshi. Mfinyanzi aliichora udongo ukiwa haujakauka, kabla ya kuchoma, kwa kijiti, kitana, ukucha, au kamba iliyosokotwa anaiviringisha shingoni mwa chungu. Vyungu vya Lelesu, jina limetoka hapa hapa Usandawe, ni vya wafua chuma wa mwanzo, Mjerumani amekuja miaka zaidi ya 1,000 baadaye! Na sio kwamba mapambo yaliletwa na wakulima, wawindaji na wavuvi wa Kansyore upande wa Ziwa Victoria walikuwa wanajaza nukta na mistari kwenye vyungu kabla hakujalimwa huko, na Japani watu wa Jomon, wawindaji vilevile, walikandamiza kamba kwenye udongo zaidi ya miaka 10,000 iliyopita.

Mitindo inabadilika, ndo maana kigae kinatuambia ni cha enzi gani. Ila mpaka kiwe kwenye tabaka lake la udongo, maana tunachopima umri ni mkaa uliolala nacho. Kikishafika mezani kwako mkaa hatuna.

Sasa utaratibu. Acha kilipo, piga picha ukiweka kiberiti pembeni tuone ukubwa, toa taarifa kwa mtendaji wa kijiji au kituo cha Mambo ya Kale Kolo, mapema, sio baada ya mavuno. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, iliyorekebishwa 1979, inahesabu kama malikale kitu chochote cha kuhamishika kilichotengenezwa na binadamu kabla ya 1863, na kuchimba kukitafuta ni mpaka leseni ya Mkurugenzi wa Mambo ya Kale, hata watafiti wenye vibali vya COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) wanaiomba. "Shamba ni langu" sio leseni. Kuuza au kusafirisha nje bila kibali pia ni kosa, kuna faini na kuna jela.

Na nyie mliochimba chini ya miamba yenye michoro mkitafuta rupia, hela za Mjerumani, msirudishie udongo wenyewe mkidhani mnasaidia. Acheni shimo hivyo hivyo, mtuite.