Haki kwa Wagiriki wa kale: kesi ya joto na baridi

Watu wengi wakitaka kujua Wagiriki wa kale walisema nini kuhusu haki wanaenda moja kwa moja kwa mwanafalsafa Plato, sio vibaya, ila ni kama kufika harusini pilau imeshaliwa. Mazungumzo yalikuwa yameanza zamani tu.

Tuanze na Hesiod, kama mwaka 700 KK. Huyu ni mshairi na mkulima, sio mwanafalsafa, na alikuwa na ugomvi wa urithi na ndugu yake Perses, sasa wale wakubwa waliokuwa wanaamua kesi aliwaita "walao zawadi", yani wala rushwa, kitenzi ni kilekile cha kula kama chetu! Akasema samaki, wanyama na ndege wanakulana kwa sababu hawana dike, haki, ila binadamu Zeus, mungu wao mkuu, kawapa. Kwahiyo kwake haki inaishia kwa watu.

Anaximander ndio akaivunja hiyo fensi. Alikuwa mwanafalsafa wa Miletus, pwani ya Uturuki ya leo, kazaliwa kama 610 KK, na katika maandishi yake yote kilichobaki ni kama sentensi moja tu, tena tunayo kwa sababu mwanafalsafa mwingine, Simplicius, aliinukuu zaidi ya miaka 1,000 baadae. Inasema vitu vinalipana adhabu na fidia kwa dhuluma vilivyofanyiana, kwa kufuata mpangilio wa wakati. Wataalamu wengi tunaisoma hivi: joto na baridi, ukavu na unyevu, kila kimoja kinachukua nafasi ya mwenzake, kiangazi joto linajitanua weee afu baridi inakuja kudai chake. Jaji ni wakati. Hii ni lugha ya mahakamani kabisa, kwa Kigiriki "kutoa dike" maana yake ni kulipa adhabu, jamaa kaibeba kaipeleka mpaka kwenye majira ya mwaka.

Na hakuwa peke yake. Solon wa Athens, aliyeshika uongozi 594 KK akafuta madeni yaliyokuwa yanawatia watu utumwani, naye aliandika kwamba bahari inachafuka kwa upepo, ila isipoguswa na kitu hakuna chenye haki kama hiyo. Bahari yenye haki, hebu fikiria.

Heraclitus wa Ephesus, kama 500 KK, alikubali nusu: jua halitavuka vipimo vyake, likivuka, Erinyes, yani miungu wa kike wa kisasi, wasaidizi wa Dike (hapa haki ni mungu wa kike), watalikamata. Ila akageuza kibao, akasema ugomvi wenyewe ndio haki. Kwa Anaximander kuzidiana ni kosa la kulipiwa, kwa Heraclitus ni kama nyuzi za kinubi, ukilegeza mvutano hakuna muziki. Mi binafsi naona Heraclitus kaona mbali zaidi, lakini nenda kamwambie hayo Hesiod aliyedhulumiwa urithi wake uone kama atakuelewa.